Nilitoa Boksi la Mionzi Stoo, Mzee wa Watu Akaitwa Mchawi

Nimekosa. Sianzi kwa kujitetea, maana nimejitetea vya kutosha kichwani mwangu na haijanisaidia kitu. Aliyekosa ni mimi, mwanamke mwenye akili zangu timamu, niliyesoma mpaka kidato cha nne, niliyekabidhiwa ufunguo mkononi. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu mtakavyo.

Majina nitakayotaja nimeyabadilisha. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa, jamani!

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha kusaga jasi, huku tambarare ya Same. Kiwanda kilikuwa cha umma. Kwenye tangi kubwa la unga wa jasi palikuwa na kifaa cha kupimia unga umefika wapi bila kulifungua tangi. Kifaa hicho kilikaa ndani ya boksi la chuma lililojazwa madini ya risasi, zito ajabu, ukubwa wake kama debe. Katikati kabisa ya ile risasi ndiko kilikokaa kitu chenye mionzi.

Kipimo kilipoharibika, mafundi walilitoa boksi kwenye tangi na kulileta stoo kwangu. Likawekwa kwenye kona, ndani ya uzio wa waya wenye kufuli. Ufunguo nikapewa mimi.

Baadaye akaja mtaalamu wa mionzi kutoka Arusha, kijana mpole, hapandishi sauti. Akaliangalia boksi, akalipima na kimashine chake, kisha akaniita pembeni.

"Dada, hiki si chuma chakavu," alisema. "Hii ni taka ya mionzi na ina sheria yake. Haitoki hapa mpaka tuje kuichukua wenyewe, tukaihifadhi panapostahili. Kiwanda kikifungwa, tupigieni simu. Wewe ukiacha kazi, mkabidhi mwenzako na umweleze kama ninavyokueleza mimi."

Nikamuuliza, "Kwani kinaua?"

"Kikiwa ndani ya risasi yake kimetulia. Kikitoka, hukioni kikifanya kazi, hakina harufu, hakina joto. Unakuja kujua umeshaungua."

Nilimwitikia vizuri kabisa. "Nimeelewa, kaka." Na kweli nilielewa! Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Wengine wanakosa kwa kutojua. Mimi nilijua.

Zikaja zile siku mnazozikumbuka. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Mishahara ikawa inakuja kwa kusuasua, kisha ikaacha kuja kabisa. Simu ya kiwanda ikakatwa. Wenzetu wa kutoka Singida na Tabora wakafunga virago, sisi wa milimani tukabaki tunasubiri, maana nyumbani ni hapo juu tu, tukasema labda mambo yatatengemaa.

Siku moja meneja akaniita. "Mwekezaji anakuja kukagua. Stoo iwe nyeupe. Takataka zote zitoke."

"Bosi, kuna lile boksi la mionzi. Wale wa Arusha walisema lisitoke."

Akacheka bila furaha. "Hao wa Arusha umewaona lini mara ya mwisho? Fanya utakavyojua, mama. Mimi nikija nisilikute."

Ningeweza kwenda kupiga simu posta. Posta ya Same nilikuwa napita mbele yake kila siku ya soko! Sikwenda. Nilijiambia kiwanda hakinilipi, kwa nini nihangaike na mali yake? Hasira zangu za mshahara nikazimalizia hapo.

Wiki hiyohiyo akaja mdogo wangu. Nitamwita Eliamani. Sisi kwetu ni Mhezi, huko juu karibu na Chome, na shamba la baba lilishagawanywa mpaka haligawanyiki tena. Eli akaona bora ashuke kuvua samaki bwawa la Nyumba ya Mungu. Alikuwa kijana wa watu, mcheshi, hawezi kuja kwa dada yake mikono mitupu. Siku hiyo alikuja na mfuko wa perege wakavu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Huko bwawani vipi?"

"Samaki wapo, nyavu ndiyo tatizo. Hazina uzito, zinaelea tu kama manyoya. Risasi za kuzamishia siku hizi madukani hazishikiki. Humu stoo kwenu hamna risasi?"

Macho yangu yakaenda kwenye ile kona. Ee Mungu wangu, kwa nini hukunipofusha dakika ile!

Nikaona nimepata jibu la mambo yote mawili. Meneja hataki kuliona boksi, mdogo wangu anataka risasi. Nikamwambia Eli, "Ipo. Lakini chukua ya pembeni tu. Ya katikati usiguse, kuna kifaa kibovu."

Kifaa kibovu! Hayo ndiyo maneno niliyompa ndugu yangu wa tumbo moja. Ningemwambia ukweli angeogopa, angeniuliza kwa nini nampa, na mimi sikutaka kuulizwa.

Boksi lilikuwa na kibandiko cha manjano chenye alama nyeusi, kama mapanga matatu ya feni. Mlinzi wa getini alikuwa anaifahamu alama hiyo, maana yule mtaalamu alimwonyesha. Basi nikachukua kisu na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikakwangua kile kibandiko mpaka kikatoka chote. Mikono hii inayoandika ndiyo iliyokwangua. Kisha tukalitia boksi kwenye gunia, tukalipakia kwenye mkokoteni, tukalifunika kwa mifuko mitupu.

Mlinzi akauliza, "Mama stoo, mzigo gani huo?"

"Chuma chakavu. Bosi anajua."

Akafungua geti.

Baada ya hapo kiwanda kikatupunguza wote. Nikakaa nyumbani nikilima maharage, mwishowe nikaona nishuke bwawani nichukue samaki kwa mdogo wangu nikauze sokoni. Nilipofika kambi ya wavuvi nilimkuta Eli amekaa kivulini mwa kibanda chake, mguu mmoja ameunyoosha. Mke wake, nimwite Naomi, alikuwa anamchemshia maji ya chumvi.

"Una nini?"

"Jipu tu, dada. Limenishika pajani."

Akafunua. Halikuwa jipu! Ngozi ilikuwa imewiva na kuchubuka kwa duara, katikati nyeusi, inatoa maji. Kama mtu aliyechomwa na pasi, lakini moto haukumgusa. Lilikuwa pale pale unapokaa mfuko wa suruali.

"Eli, ile risasi uliifanyaje?"

Akachangamka pamoja na maumivu yake. "Niliiyeyusha yote dada, ikatoka safi kabisa. Halafu ndani nikakuta kitu! Naomi, nipe ile suruali."

Suruali ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chao. Akatoa kipande cha chuma kinachong'aa, kidogo kuliko pingili ya kidole. "Moto wote ule hakikuyeyuka. Kuna jamaa mmoja wa madini ameniambia kinaweza kuwa cha thamani, anamtafuta mtu wa kukiangalia. Natembea nacho, humu bandani wezi wengi."

Alikuwa anakigeuzageuza vidoleni. Nilipiga kelele: "Kiweke chini!" Wote wakanishangaa.

Hapo ndipo ningesema. Naomi yupo, Eli yupo, ni asubuhi kweupe, hakuna aliyenikaba koo. Ningesema: mdogo wangu, hiki ni mionzi, nimekupa mimi, twende hospitali sasa hivi. Badala yake nikasema, "Kitakuwa na sumu. Kitupe." Eli akacheka, akakiweka juu ya kopo. Naomi alipoanza kumwosha, nikakishika kwa kijiti na kitambaa, nikaenda nacho choo cha shimo cha kambi, nikakitumbukiza.

Niliporudi nikawaambia nimekitupa majini. Eli alinuna. Mimi nikashukuru, kama mjinga, nikidhani nimemaliza.

Sikumaliza. Kidonda kilikula nyama. Zahanati walimpa dawa za kidonda, hakikusikia. Vidole vya mkono wa kulia navyo vikaanza kuvimba na kubambuka. Naomi akawa anatapika na mimba aliyokuwa nayo ikaharibika. Na watu wa kambi, ambao hawajawahi kuona kidonda cha namna hiyo, wakaanza kuulizana nani anayemchukia Eli.

Jibu lilikuwa jirani. Palikuwa na mzee mmoja mvuvi kutoka Kigoma, nitamwita Mzee Hamisi. Aliishi peke yake, fundi wa kushona nyavu, vijana wengi pale walijifunza kwake. Kabla ya ugonjwa yeye na Eli waligombana kuhusu mahali pa kutega. Mzee alimwambia mbele za watu, "Kijana, bwawa hili litakufundisha adabu." Maneno ya hasira, ya kawaida tu. Sasa yakawa ushahidi.

"Mtu wa Kigoma huyo," walisema. "Mnategemea nini?"

Nilikuwepo siku walipomwendea. Ilikuwa mchana, jua kali. Wakatoa nyavu zake nje wakazitia moto, wakapasua mtumbwi wake kwa mashoka. Eli mwenyewe, amekaa chini na mguu wake unaonuka, alinyoosha kidole akasema, "Ni yeye." Mzee hakupigana. Aliangaza macho akaniona.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ni mtu wa ofisi, umesoma. Waambie hawa. Kuna mtu wa kumtia mwenzake kidonda kwa maneno?"

Watu wote wakageuka kunitazama.

Nikainamisha kichwa! Nilijifanya nafunga kitenge changu vizuri. Nikasikia mtu akimsukuma mzee, nikasikia kandambili zake zikiburuzika kwenye changarawe kuelekea barabarani. Hakuruhusiwa kuchukua hata shati la kubadilisha.

Ndugu zangu, mtu anaweza kutoa boksi stoo kwa upumbavu. Lile la kunyamaza siku ile silipatii jina.

Tukampeleka Eli hospitali kubwa Moshi. Daktari mmoja mama alikiangalia kile kidonda muda mrefu, akaangalia na vidole. Akanifuata kwenye kibaraza.

"Wewe ni dada yake? Huyu kuna chuma alishika? Kitu cha kiwandani, cha ujenzi wa barabara, chochote?"

"Sijui, daktari."

"Fikiri vizuri."

"Ni mvuvi tu, daktari. Sijui."

Wakaendelea kumtibu kama mtu mwenye kidonda kilichoingia wadudu. Homa haikushuka. Mwishowe wakaukata mguu, juu kabisa. Yule mama akanifuata tena. Safari hii hakuniuliza kitu. Aliniambia, "Nina wasiwasi na kitu kimoja. Kama hiki ninachofikiri ni kweli, basi kile kitu bado kipo mahali, na kuna watu wanakaa karibu nacho sasa hivi tunapoongea. Labda watoto."

Nikakumbuka kile choo. Kambi nzima inakitumia. Nikasema yote.

Hakunitukana. Alikimbia kwenye simu.

Wataalamu walikuja kesho yake kutoka Arusha na gari lao. Nilipelekwa kambini kuwaonyesha. Aliyeshuka wa kwanza ni yule yule kijana mpole wa stoo. Alinitambua, akasimama.

"Dada," alisema, "lile boksi nililokuachia lipo?"

"Halipo."

"Na alama yake? Hakuna aliyeiona?"

"Niliikwangua mimi."

Alivua miwani akaifuta kwenye shati, akaivaa tena, akaniacha nimesimama. Natamani angenizaba kibao.

Wakawasogeza watu mbali, wakazungusha kamba. Kimashine kilipokaribia choo kikaanza kulia, wanawake wakakimbia na watoto. Walichimba wakipokezana, kila mmoja kidogo tu anatoka. Wakakitoa kwa koleo ndefu, wakakitia kwenye chombo chao cha risasi, wakakifungia ndani ya gari. Walieleza kwamba ule uchafu na udongo viliizuia mionzi, ndiyo maana watu wengine hawakuungua. Zile risasi za kwenye nyavu wakazipima, wakasema hazina neno.

Waliwaeleza wavuvi kwamba ni taka ya mionzi kutoka kiwandani, na mtu yeyote akishika kitu kama kile atakuwa kama Eli. Nikadhani sasa jina la Mzee Hamisi limesafishika. Nilikosea tena! Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Sawa, ni mionzi. Lakini nani aliyekipeleka kwenye mfuko wa mwenzetu? Mzee alijua anachofanya." Maana wataalamu hawakunitaja mbele ya watu. Walisema hayo ni ya polisi. Na mimi sikujitaja.

Naomi aliambiwa na daktari. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya wodi, hajasuka, hajala. Aliniuliza taratibu, "Wifi, siku ile unakitupa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukala samaki wangu, ukanishika tumbo, ukaniambia nitajifungua salama. Unajua."

Akaondoka. Mpaka leo hajaniita wifi tena.

Eli nilimwambia mwenyewe. Alikuwa amekonda, macho makubwa, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilimaliza kusema, nikajua sasa atanilaani, na nilitaka anilaani.

Akasema, "Na yule mzee?"

"Alifukuzwa, Eli. Sijui alikwenda wapi."

"Nilimnyooshea kidole, dada." Machozi yakamtoka, yeye ambaye hakulia mguu ulipokatwa. "Alinifundisha kushona nyavu. Mtafute. Waambie watu wote. Usiwaambie robo."

Nikaahidi. Mdogo wangu alifariki siku chache baadaye, homa ilimzidi nguvu.

Tulimpandisha Mhezi. Mvua ya manyunyu, ukungu umefunika migomba, watu wamejaa, na nusu ya kambi ya bwawani walipanda kuja kumzika mwenzao. Nikajua hii ndiyo nafasi. Mchungaji alipomaliza, nikasimama. Nikasema, "Jamani, nina neno kuhusu kifo cha ndugu yangu."

Baba mdogo, aliyeshasikia kwa Naomi, alinishika mkono kwa nguvu. "Kaa chini."

"Baba, niache niseme."

"Ukoo unazika mtu mmoja leo, unataka uzike na jina letu? Kaa chini, mwanangu. Mambo haya yatazungumzwa nyumbani."

Nikakaa! Watu wazima mnaosoma hapa mtaniuliza, alikushika mkono mmoja tu, ulishindwaje? Nilikaa, kwaya ikaimba, udongo ukashuka. Na nyumbani hayakuzungumzwa.

Polisi waliandika maelezo yangu, wakasema nitaitwa. Sijaitwa. Meneja alihama, sijui alikokwenda, na simtupii mzigo wangu. Kiwanda kina mwenye mali mpya. Kila gari geni likipanda kilimani naweka jembe chini nikilisubiri, halafu linapita. Jamani, nangoja adhabu na haiji!

Nilimtafuta Mzee Hamisi. Kambini waliniambia kwa mzaha, "Unamtafutia nini mchawi?" Muuza samaki mmoja alisema alimwona mzee anayefanana naye bwawa la Mtera, anashona nyavu za watu, hana mtumbwi. Nikafunga safari. Nilipofika wakaniambia aliondoka. Walimwambia aondoke, maana sifa zake za uchawi zilifika huko kabla yangu.

Sifa hizo nilizipika mimi kwa kunyamaza. Ndiyo maana naandika gazetini, labda litafika ambako miguu yangu haijafika. Enyi wavuvi wa Nyumba ya Mungu na wa Mtera, mzee yule hakumroga mtu. Kilichomuua Eliamani nilikitoa stoo mimi, dada yake. Mkimwona, mpeni mahali pa kukaa. Mwambieni yule mwanamke wa ofisi amesema.

Na ninyi mlio kwenye viwanda vinavyofungwa na kuuzwa, kwenye makambi ya barabara yaliyohamwa, kwenye stoo za hospitali zenye mashine za zamani: mkikuta chombo kizito chenye alama ile ya manjano na nyeusi, msikivunje, msikiuze, msimpe ndugu. Waiteni watu wa mionzi. Wakichelewa waiteni tena, na tena. Sheria ile niliiona usumbufu wa wakubwa. Kumbe iliwekwa kwa ajili ya paja la mdogo wangu na tumbo la wifi yangu.

Kama umeshakosa, kama kitu kimeshatoka mikononi mwako, usifanye nilivyofanya mimi. Mwambie daktari anapokuuliza mara ya kwanza.

Na kama hapo mlipo kuna mtu anaitwa mchawi, na wewe moyoni unajua sababu nyingine, inuka ukaseme. Watakushika mkono, watakuambia ukae. Usikae!